Bundi Ana Masharti Gani?

Kama wewe ni mtu wa vijiwe vya drafti, iwe Mwanjelwa au Kihesa, unajua kwamba mgeni mwenye akili hakai kwenye benchi na kuanza kusogeza kete hivi hivi. Anauliza kwanza: "Jamani, hapa mnachezaje?" Kete inakula nyuma au haili? Kingi anaruka mpaka anapotaka, au ana mwisho wake? Akishajibiwa, ndipo kazi inaanza. Asipouliza, atajibiwa kingi wake akiwa ameshaliwa, na hapo kila mtu kijiweni atakuwa na sheria yake mfukoni.

Leo nina mchezo mwingine ambao swali hilo linasahaulika kirahisi. Kwa ajili yake kuna washkaji wa Mbeya na Iringa wanaokwepana mpaka leo.

Unaitwa Dungeons & Dragons. Walioutunga ni Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, na ulitoka mwaka 1974. Huhitaji ubao. Mnakaa mezani, mmoja anakuwa msimamizi: ndiye anayesimulia hadithi, anaigiza maadui wote, na ndiye hakimu. Wengine kila mtu ana mhusika wake kwenye karatasi, pamoja na nguvu zake, silaha zake na ndumba zake. Ukitaka kufanya jambo la hatari unarusha dadu ya pande 20, na dadu haina undugu. Januari 2023 wenye mchezo waliachia kanuni zake za msingi bure kabisa, kwa hiyo siku hizi kijana akiwa na hela ya fotokopi tu, tayari ana kitabu.

Humo ndani mchawi anaruhusiwa kujiitia mwenzi, kiumbe wa kimazingara mwenye umbo la mnyama. Anachagua mwenyewe: paka, popo, panya, nyoka wa sumu, bundi, hata pweza. Anakaa saa nzima akichoma makaa, ubani na majani yenye thamani ya vipande 10 vya dhahabu, kisha kiumbe anatokea. (Wengi wanachagua bundi. Huku kwetu bundi akilia juu ya bati nyumba nzima haipati usingizi, lakini mezani ni kipenzi cha watu. Ndiyo dunia.)

Sasa sisi Wabongo kwenye mambo haya hatuhitaji tuisheni. Tumekua tukisikia habari za majini ya mali na chuma ulete, na tunajua kitu kimoja: hakuna kiumbe wa namna hiyo asiye na masharti. Tatizo ni kwamba kila sharti lina tundu lake.

Masharti ya bundi ni haya. Kwanza, anatii amri zako. Pili, ana zamu yake mwenyewe vitani. Tatu, akiwa ndani ya futi 100, yaani kama meta 30, mnazungumza kwa mawazo, na unaweza kuona kwa macho yake, ila kwa muda huo wewe mwenyewe unakuwa kipofu na kiziwi. Nne, hawezi kushambulia, lakini mengine yote anaweza. Hapo kwenye la nne, msomaji wangu, ndipo lilipo tundu lenyewe.

Kuna meza moja mtaa wa Soweto, Mbeya, ambapo dada mmoja alicheza na mhusika wake kwa miezi minane. Alikuwa mchawi mwembamba, pigo moja tu yuko chini, lakini ana bundi. Kila vita bundi huyo alimrukia adui usoni, akampepea mabawa, akaondoka zake. Adui akizubaa, mwenzao mwenye upanga anarusha dadu mbili badala ya moja na kuchukua iliyo kubwa. Kitabu kinakiita kitendo hicho kusaidia. Meza ile ilikubali hivyo tangu siku ya kwanza, na hakuna aliyelalamika.

Mwezi Juni wakaja wageni wanne kutoka Iringa, zaidi ya kilometa 300 kwenye basi, na ile baridi ya Mbeya mnaifahamu. Kwa heshima ya ugeni, mmoja wao akapewa usimamizi. Mimi nilikuwa pembeni na chai yangu ya maziwa, mtazamaji tu. Saa tatu za kwanza zilikwenda bomba. Bundi alisaidia mara mbili, msimamizi akatazama akanyamaza.

Pambano la mwisho, zimwi limebakiza kidogo tu. Dada akasema bundi wake anamsaidia mwenye upanga. Dadu mbili zikarushwa: 4 na 19. Meza ikalipuka kwa shangwe, maana 19 inamaliza kazi.

"Hapana," akasema msimamizi. "Kumrukia mtu usoni ni kumshambulia, na bundi haruhusiwi. Tunachukua ya kwanza."

Ya kwanza ni 4. Upanga ukakata hewa. Zamu iliyofuata zimwi likamgeukia yule mchawi mwembamba, na miezi minane ikaishia hapo. Kasheshe lake sina haja ya kuwasimulia. Itoshe kusema wageni walilala gesti, siyo pale walipoandaliwa.

Tuwe wakweli, jamaa wa Iringa hakusema upuuzi. Ukimshika mtu mikono ili mwenzako ampige, polisi watawabeba wote wawili. Wa Mbeya nao wana hoja nzito zaidi: kitabu kimeorodhesha kushambulia na kusaidia kama vitendo viwili tofauti, kikakataza kimoja tu. Ukiniuliza mimi kuhusu maandishi, nitasema Mbeya wamesoma vizuri. Lakini hata kama wangekuwa wamesoma vibaya, ile 19 ilikuwa imeshalala mezani. Hukumu iliyosubiri dadu ioneshe namba haiwezi kuaminika, hata kama aliyeitoa ana moyo safi.

Hata wenye mchezo huko Marekani yaliwakuta. Kwenye kitabu chao cha 2014 kulikuwa na mwindaji mwenye mnyama wa kufuatana naye, na sharti lilisema mnyama hafanyi kitendo mpaka aamriwe. Watu wakauliza: kwa hiyo bwana wake akizimia, mnyama akae tu apigwe? Mwaka 2018 wakatoa sahihisho kwamba asipoamriwa anajikinga, na mwaka 2020 wakatunga mnyama wa aina mpya. Tundu likazibwa, lakini kwa michezo inayokuja. Hakuna aliyetumwa kwenda kufufua wanyama waliokufa 2015.

Na msidhani mambo haya ni ya wazungu peke yao. Wataalamu wawili, Monica Wilson na mumewe Godfrey, waliishi na Wanyakyusa kule Rungwe kati ya 1934 na 1938, na mama huyo akaandika kitabu, Good Company, kilichotoka 1951. Wazee wa wakati ule walimweleza kwamba mchawi ana chatu tumboni. Chatu huyo ana uchu wa nyama na maziwa, na usiku mchawi huruka akiwa juu yake. Lakini sikilizeni hili: hata walinzi wa kijiji, wale waliosemekana kuwaona wachawi usiku na kupambana nao, nguvu zao zilitoka kwa chatu vilevile! Mnyama ni yuleyule, kinachotofautisha ni anatumika kwa nini.

Kulikuwa pia na "pumzi ya watu": majirani wakikasirika kwa haki, aliyekosa anaumwa. Basi mtu akiugua, ndugu zake wanasema karogwa, na majirani wanasema kaadhibiwa kwa makosa yake. Ugonjwa ni mmoja, masharti ni yale yale, lakini usomaji unategemea umekaa upande gani. Na usomaji wote huo ulianza mtu akiwa ameshalala kitandani. Zamani mambo yakifika hapo watu walinyweshwa umwafi, na anayetapika ndiye aliyesafika. Hiyo haikuwa karatasi ya fotokopi, lilikuwa tumbo la mtu.

Iringa nao hawakuwa mbali. Mtafiti Alison Redmayne aliandika mwaka 1970 jinsi watu wa Uhehe walivyosafiri mpaka Rumphi, nchi ambayo sasa ni Malawi, kwa mganga aliyeitwa Chikanga, wamalizane na tuhuma zao. Nguvu za Chikanga kila mtu aziamue mwenyewe. Mimi naona kitu kimoja: watu walivuka mpaka kutafuta mtu ambaye hakuwa jirani wa upande wowote. Walijua kwamba hakimu mwenye shamba linalopakana na la mshitakiwa ana kazi ngumu.

Kwa hiyo ninyi mnaorusha dadu Mbeya, Iringa, Makambako na kwingineko, chukueni ushauri huu wa bure. Kabla ya kuanza, kila mwenye mwenzi asome masharti yake kwa sauti, na msimamizi aseme papo hapo anavyoyaelewa, hasa akiwa mgeni. Tundu likionekana katikati ya mchezo, liamuliwe kabla dadu haijatoka mkononi. Dadu ikishalala, imelala: namba ihesabiwe kama mlivyokuwa mkicheza, na sheria mpya ianze pambano lijalo. Na msimamizi akinyamaza mara mbili, basi ameruhusu. Hawezi kukumbuka mara ya tatu kwamba ana mdomo.

Yule dada bado ana karatasi yake, nimeiona, haijachanwa. Meza ya Soweto inasema mchawi wake yuko hai. Iringa wanasema alikufa kihalali. Mimi nasema kaka msimamizi apande basi, alete maneno mawili ya kiungwana, na mchezo urudiwe kutoka pale zilipolala dadu mbili. Nauli ya Iringa hadi Mbeya ni ndogo kuliko urafiki.

Haya, tuonane wiki ijayo. Na ukifika kijiwe cha watu, uliza kwanza.