Kutafuta Jina Katika Kitabu cha Anwani

Mwanachuo mmoja aliyekuwa katika mazoezi ya kufundisha alitaka kumweleza mkufunzi wake, kwa barua pepe, habari za mtoto asiyeona vizuri ubaoni ambaye wenzake walikuwa wameanza kumcheka. Aliandika herufi tatu za mwanzo wa jina la mkufunzi. Programu ikammalizia zilizobaki. Akaridhika, akapeleka. Barua ile ilimfikia mzazi mmoja wa kamati ya shule, ambaye jina lake la kwanza ni sawa na la mkufunzi. Kesho yake mtoto alikataa kuja shuleni.

Baadhi ya wenzetu husema kwamba kwa kuwa kompyuta hujitafutia yenyewe, kufundisha mpangilio wa alfabeti na namna ya kutafuta jina ni kupoteza vipindi. Sisi hatukubaliani nao. Kompyuta haitafuti mtu, inalinganisha herufi. Tena aghalabu jina linalotangulia katika orodha ya mapendekezo ni la yule tuliyemwandikia karibuni au mara nyingi, wala si la yule tunayemkusudia. Katika programu ya Outlook, orodha hiyo hutunzwa mbali na kitabu cha anwani chenyewe, hivyo anwani iliyokwisha kusahihishwa kitabuni yaweza kuendelea kujitokeza kwa sura yake ya zamani. Thunderbird nayo huweza kukusanya, bila kuulizwa, anwani za watu wote tuliopata kuwaandikia.

Jambo lililo zito zaidi kwetu ni majina yenyewe. Vitabu hivi vya anwani vilibuniwa na watu wenye jina la mtu na jina la ukoo. Kanuni ya vCard, ambayo programu nyingi hutumia kubadilishana anwani, hutenga nafasi ya jina la ukoo kwanza, kisha jina la mtu. Wengi wetu hatuna jina la ukoo kwa maana hiyo. Tuna jina letu, la baba na la babu. Juma Hamisi ni mtoto wa Hamisi. Na ikiwa alipewa jina la babu yake, kama ilivyo desturi ya wengi, basi baba yake ni Hamisi Juma. Karani mmoja akiandika majina hayo kwa kuanzia na la mwisho, na mwingine kwa kuanzia na la kwanza, baba na mwana watabadilishana nafasi katika kitabu kimoja. Hapo ripoti ya mtoto huenda kwa nani?

Tahajia nayo ina mitego yake. Anayeandika Hamisi hatampata Khamis. Ramadhani na Ramadhan, Asha na Aisha, Mohamedi na Muhammad: sikio linasikia ujamaa wao, mashine haiusikii. Tena wako wanaoanza kila jina kwa neno Mwalimu, halafu wakashangaa kuwakuta walimu wote wa wilaya wamerundikana chini ya herufi M! (Tumelifanya kosa hili sisi wenyewe.)

Somo hili halihitaji kompyuta kwanza, na hiyo ni bahati, maana shule nyingi hazina. Kila mwanafunzi na akate kadi, aandike juu yake jina lake kamili kama anavyolitamka nyumbani. Darasa lipange kadi hizo kwa jina la kwanza, kisha lizipange upya kwa jina la mwisho, na watoto waeleze wenyewe ni nani amepotea na kwa nini. Tusiwaharakishe hapa. Mtoto aliyekwisha kuona kadi yake ikihama kutoka mwanzo wa boksi hadi mwisho ataelewa maana ya mpangilio kuliko yule aliyekaririshwa alfabeti kwa wimbo.

Baada ya hapo ndipo tufundishe kuisoma anwani yote kabla ya kupeleka. Alama ya @, aliyoichagua Ray Tomlinson wa Marekani mwaka 1971, huwatenga mtu na mahali: kushoto ni mpokeaji, kulia ni mahali barua zake zinapopokelewa. Wanafunzi wasome pande zote mbili kwa sauti, herufi kwa herufi. Kwetu Tanzania, tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, habari za mtoto zina ulinzi wa sheria pia, lakini tungetaka mwalimu azichunge hata kama sheria isingekuwapo.

Kadi zihifadhiwe. Wiki ifuatayo mwalimu achomeke kwa siri kadi mbili zenye jina moja lakini anwani tofauti, amwite mtoto mmoja mbele, na kumwambia, "Nitafutie Hamisi Juma." Mtoto akitoa kadi upesi bila kuuliza ni Hamisi Juma yupi, somo lirudiwe.