Mgeni Korea: Ajifunze Mila, Asiache Dini

Wahenga wetu walinena, ukenda kwa wenye chongo nawe vunja lako jicho. Kijana wa pwani anapofunga safari ya ng'ambo, hakosi mzee wa kumkumbusha maneno hayo. Lakini ni nadra kumsikia mzee akimwambia kijana mpaka wake ni upi. Avunje jicho katika jambo gani, na katika jambo gani aseme, "La, hili langu silivunji"?

Leo twataka kulitazama swali hilo kwa habari za Korea ya Kusini. Michezo ya nchi hiyo imeingia katika sebule zetu, na wako vijana wa Kenya walioiendea kwa masomo. Anayekwenda yafaa ajue kwamba maisha ya huko si yale ya kwenye michezo.

Korea haikuwa nchi ya wageni. Baada ya vita vya 1950 hadi 1953 ilikuwa maskini sana, na watoto wake wenyewe ndio waliotoka kutafuta riziki. Wengine walikwenda kuchimba migodi na kuuguza wagonjwa katika Ujerumani ya Magharibi, na katika miaka ya 1970 wengine walijenga barabara na bandari Saudia na Ghuba. Leo mambo yamegeuka. Tangu 2004 Korea ina mpango wa vibali vya kuwachukua wafanyakazi kutoka nchi kama Indonesia, Bangladesh, Pakistan na Uzbekistan. Mwisho wa 2023 wageni nchini humo walizidi milioni 2.5, katika nchi ya watu milioni 51 hivi. Kwa hiyo mwenyeji naye yumo katika kujifunza kuishi na mgeni, na hajahitimu bado.

Twawatoa hofu wasomaji wetu kwa jambo moja. Mtoto aliyelelewa vyema Mombasa au Lamu hatajiona mgeni katika adabu nyingi za Wakorea. Viatu huvuliwa mlangoni. Watu wengi huketi chini, na sakafu ya nyumba hupashwa moto kwa chini wakati wa baridi, hata mtu akalala juu yake kwa raha. Mkubwa ndiye anayeanza kula; mdogo hagusi kijiko kabla yake. Kitu hutolewa na kupokewa kwa mikono miwili. Mkubwa haitwi kwa jina lake tupu, bali kwa cheo au kwa jina la udugu, na mwanamke mwenye mtoto huitwa mama fulani, kama tuitanavyo sisi. Ukiulizwa umri wako siku ya kwanza usikasirike. Lugha yao hubadilika kwa mkubwa na kwa mdogo, na mwenyeji ataka kujua aseme nawe vipi.

Yako na mengine yaliyo mapya. Vijiti vya kulia havichomekwi wima katika bakuli la wali, maana hivyo hufanywa katika sadaka za wafu. Jina la mtu aliye hai haliandikwi kwa wino mwekundu. Takataka hutiwa katika mifuko maalumu inayonunuliwa, utaratibu ulioanza nchi nzima 1995, na mabaki ya chakula hutengwa peke yake. Mgeni anayetupa ovyo hugombana na mtaa mzima kabla hajajua hata kusalimu.

Kuna pia ya serikali. Mgeni atakayekaa zaidi ya siku 90 hana budi kujiandikisha na kupata kadi yake kabla ya siku hizo kwisha. Tangu Julai 2019, anayekaa zaidi ya miezi sita huingizwa katika bima ya afya ya taifa na kuilipia. Mambo haya hayana mzaha, na asiyeyajua hujikuta ana deni.

Lakini kitu cha kwanza cha kujifunza ni herufi. Mfalme Sejong alizitengeneza 1443 na kuzitangaza 1446, ili watu wa kawaida walioshindwa na herufi za Kichina nao wapate kusoma. Leo herufi za msingi ni 24, na mwenye bidii huzishika kwa siku chache. Watoto wetu waliokalia mkeka wa chuoni na kujifunza alifu na bee wamekwisha onja kazi ya kushika hati ya pili. Na faida yake ni ya dini pia. Nguruwe kwa Kikorea ni "dwaeji". Asiyeweza kulisoma neno hilo juu ya pakiti atawezaje kujua anachokula? Tambi za pakiti mara nyingi hutiwa unga wa supu ya nyama, na wali uliofungwa katika mwani huwekwa vipande vya nyama ya nguruwe ndani yake. Anayesoma na kuuliza hujiepusha. Nchi hiyo imezungukwa na bahari pande tatu, na kwa mtu wa pwani samaki si chakula cha shida.

Hapa sasa ndipo tunapofika kwenye mpaka tuliouuliza. Wafanyakazi wa Korea wana desturi ya kwenda kula pamoja jioni, bosi na walio chini yake. Mezani huwa na nyama ya nguruwe ikichomwa, na pombe ikimiminwa kutoka kwa mdogo kwenda kwa mkubwa. Kukataa anachokupa mkubwa huonekana ni utovu wa adabu. Kijana wetu afanye nini? Yuko anayekunywa kwa haya, akijitetea kwa ile methali ya chongo. Yuko mwingine anayewakimbia wenzake mwaka mzima, kisha akalalamika kuwa hana rafiki.

Sisi twasema wote wawili wamekosea. Kuvua viatu, kuinama, kupokea kwa mikono miwili, kumtangulizia mkubwa, hayo ni mila, na mgeni ayavunjie jicho bila kinyongo. Pombe na nguruwe si mila kwetu, ni amri. Hilo aliseme mapema, kazini mchana, kwa upole na kwa maneno machache, wala asingoje mpaka glasi iko mbele ya uso wake. Kama akae au asikae katika meza yenye pombe, hilo awaulize mashekhe. Lakini asimfiche mwenyeji sababu yake, maana mtu huheshimu anachokielewa.

Wala asidhani Uislamu ni kitu kigeni kabisa huko. Askari wa Kituruki waliopigana katika vita vya Korea walikuja na maimamu wao, na Wakorea kadhaa walisilimu mikononi mwao. Msikiti mkuu wa Seoul, uliojengwa juu ya kilima cha Itaewon katika ardhi iliyotolewa na serikali na kwa fedha za nchi za Kiislamu, ulifunguliwa 1976. Chini yake pana mabucha na mikahawa ya halali.

Hata hivyo, haki yataka tuseme na upande wa mwenyeji. Mwaka 2018 Wayemeni karibu 500 walikimbilia kisiwa cha Jeju. Sisi tulio na damu ya Hadhramaut katika nyumba zetu hatuwezi kuisoma habari hiyo kama ya watu baki. Wakorea zaidi ya laki saba walitia sahihi kuipinga njia iliyowaleta. Wengi wa wakimbizi wale walipewa ruhusa ya muda tu, na wawili peke yao ndio waliokubaliwa kuwa wakimbizi kamili. Tena katika mji wa Daegu, Waislamu, wengi wao wanafunzi, walianza kujenga msikiti karibu na chuo kikuu. Majirani wakalalamika juu ya kelele, harufu ya vyakula na msongamano katika kichochoro, na Februari 2021 wilaya ikasimamisha kazi. Kesi ikafika Mahakama ya Juu, ambayo Septemba 2022 iliamua kuwa ujenzi ule ni halali. Baada ya hapo vikawekwa vichwa vya nguruwe mbele ya kiwanja.

Hilo ni jambo la aibu, na hatutalipaka rangi. Mwenyeji anayemtaka mgeni avue viatu mlangoni kwake, naye amwachie mgeni mahali pa kuweka paji lake la uso. Mahakama imesema yake, lakini mahakama haiwezi kuwapatanisha majirani.

Na hapa twamrudia kijana wetu. Wakorea wana desturi ya zamani, kwamba anayehamia nyumba mpya huwagawia majirani mikate ya mchele yenye maharagwe mekundu. Siku hizi imepungua mijini, lakini haijasahaulika. Je, ni mgeni kwetu mtu anayebisha hodi kwa jirani na sahani mkononi? Sisi tuliolelewa kupeleka futari kwa jirani kabla hatujaionja wenyewe twaijua kazi ya sahani ile. Abishe hodi nayo siku ya kwanza, aseme jina lake, aseme anaswali na hali nguruwe. Yaweza kuwa mlango mmoja utafungwa usoni pake. Lakini jirani aliyekula mkate wako ni vigumu kuamini kila ubaya unaosemwa juu yako.

Wazazi wanaowasafirisha watoto wao, wasitosheke na kuwanunulia koti la baridi. Wawafunze mpaka ule kabla ya safari: lipi ni la mila, lipi ni la Mungu. Mtoto anayelijua hilo aweza kwenda kwa wenye chongo na kurudi na macho yake mawili.