Jembe Si Adhabu

Watoto wengi wa shule hulijua jembe kwa njia mbili. Nyumbani huambiwa, "Nenda kapalilie," wala hawaelezwi sababu. Shuleni aliyechelewa hupewa jembe, aliyepiga kelele hupewa jembe, na mwenye adabu huachwa akae kivulini na kitabu chake. Je, mtoto hujifunza nini kwa hayo? Hujifunza kwamba udongo ni mahali pa wakosaji. Mimi nasema desturi hii ni mbaya, nayo yafaa iachwe. Ili mpate kunielewa, nitawaeleza habari za mji mmoja ambao watoto wake hawana mashamba, lakini hupewa jembe kama heshima.

Mji huo ni New York, katika nchi ya Marekani, na sehemu yake iitwayo Brooklyn. Huko nyumba zimejengwa juu ya nyumba, hata mtoto aweza kukua asione mhindi ukichipua. Mwaka 1910 watu wa Brooklyn walianzisha bustani ya mimea kwa faida ya wote, ikafunguliwa mwaka 1911. Sehemu ya mahali penyewe palikuwa jalala la majivu. Leo bustani hiyo ina eka 52, na miti ya nchi nyingi imo ndani yake. Imo pia bustani ya namna ya Kijapani, yenye kilima na ziwa dogo, aliyoibuni Mjapani Takeo Shiota, ikafunguliwa mwaka 1915.

Wenye bustani wangaliweza kuwaambia watoto, "Tazameni, msiguse." Lakini hawakufanya hivyo. Mwaka 1914, chini ya mwalimu mmoja mwanamke, jina lake Ellen Eddy Shaw, ilianzishwa humo bustani ya watoto, yapata eka moja, nayo ingali ikilimwa hata sasa. Miaka zaidi ya mia imepita, na vizazi vya watoto vimepita na majembe yao.

Sasa sikilizeni jinsi mafunzo yanavyofuata majira. Theluji ikiisha kuyeyuka, miti huchanua, na watoto huanza kutengeneza vitalu na kupanda mbegu. Figili huwa tayari baada ya majuma manne hivi, nazo humfariji mwenye haraka. Nyanya hutaka miezi, nazo humfundisha kungoja. Wakati wa joto huja kazi ya kupalilia, kumwagilia maji, na kuchuma. Mavuno huenda nyumbani, yakaliwa na jamaa nzima. Kisha majani hupukutika, na wakati wa baridi huingia, udongo ukawa mgumu kama jiwe. Hapo masomo huhamia katika nyumba za vioo, ambamo mimea hukingwa na baridi. Hivyo mtoto huona mwaka mzima kwa macho yake, tangu mbegu hata chungu.

Wala si watoto wa shule tu. Wako wadogo wa miaka miwili, ambao huja pamoja na mzazi, wakachimba na kuuliza maswali pamoja. Jambo hilo lanipendeza kuliko yote. Mtoto akiona baba yake au mama yake akiinama juu ya udongo kwa furaha, hatalidharau jembe kamwe. Samaki mkunje angali mbichi.

Labda mmoja wenu atauliza, "Mwalimu, sisi twakaa katikati ya mashamba. Bustani ya kujifunzia ni ya nini?" Swali hilo ni jema, nami nitalijibu. Kukaa kando ya kitu si kukijua. Chukueni mfano wa ua moja dogo la rangi ya zambarau, ambalo kwao ni milima ya Usambara. Walter von Saint Paul-Illaire, mtumishi wa serikali ya Kijerumani huko, alilipeleka kwa baba yake Ulaya, na mwaka 1893 mtaalamu Hermann Wendland aliliandika kwa jina la Saintpaulia. Leo ua hilo humea katika vyungu, madirishani mwa nyumba nyingi za Ulaya na Marekani. Bibi kizee aliye mbali na bahari zetu hulimwagilia maji kila juma, na mtoto wa kwetu hupita kando ya ndugu zake maua hayo asijue jina lake. Je, hiyo si hasara?

Tena, shamba la nyumbani lina haja zake. Mvua haimngoji mwenye maswali, na mzazi aliyechoka hana nafasi ya kueleza kwa nini maharagwe hupandwa pamoja na mahindi. Kwa hiyo shule ndiyo mahali pa kuuliza, "Kwa nini?"

Basi ushauri wangu ni huu. Kwanza, jembe lisitolewe tena kwa mkosaji. Atafutiwe adhabu nyingine. Pili, kila mwanafunzi apewe kitalu chake, hata kama ni hatua mbili kwa tatu, aandike siku ya kupanda na siku ya kuota, na mavuno yawe yake, ayapeleke kwao. Maana mtoto alimaye asile hujifunza uvivu, wala si kilimo. Tatu, mara moja katika kila majira wazazi na wazee waalikwe shuleni, watufundishe majina ya miti na matumizi yake. Wako wazee wajuao mti upi hufukuza mchwa na upi hutibu tumbo, nao watakufa na maarifa hayo tusipowauliza.

Hayo yote hayahitaji fedha nyingi. Watu wa Brooklyn walianza na jalala la majivu. Sisi twaanza na udongo mwema na mvua ya Mungu. Haya, watoto, msingoje kuamriwa. Mwombeni mwalimu wenu kitalu, kisha mwendeeni babu au bibi mkamwulize jina la mti ulio karibu na mlango wenu.