Mgeni Apewaye Jembe Siku ya Kwanza

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Lakini yuko mgeni mmoja asiyepewa hata hizo siku mbili za kukaa na kuandaliwa. Dakika ile ile aingiapo duniani hukabidhiwa jembe, na shamba alimalo ni gumu kuliko la mtu mzima yeyote. Mgeni huyo ni mtoto mchanga.

Jumapili hii twazungumza na vijana wetu wanaosomea uuguzi na ukunga. Hata hivyo twaomba baba, mama, bibi na shangazi nao wakae kitako wasikilize, kwa kuwa kazi ya mtoto mchanga huanza mikononi mwa mkunga ikaendelea mikononi mwao. Jambo lenyewe si la mzaha. Uchunguzi wa afya uliofanywa Tanzania mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika kila watoto 1,000 waliozaliwa hai, 24 walifariki kabla ya kutimiza mwezi mmoja. Mtu akielewa mtoto anafanya kazi gani katika saa zake za mwanzo, ataelewa pia jinsi ya kumsaidia, na jinsi ya kutomkwamisha.

Ndani ya tumbo la uzazi mtoto hakuwa na shughuli ya kupumua. Mapafu yake yalijaa maji. Oksijeni na chakula vilimfikia kwa njia ya kondo la nyuma na kitovu, na taka za mwili wake zikarudi kwa njia hiyo hiyo ili mama azitoe. Kwa kuwa mapafu yalikuwa bado hayajaanza kazi, damu nyingi haikupita huko, bali ilifuata njia za mkato. Moja ni tundu lililomo katika ukuta unaotenganisha vyumba viwili vya juu vya moyo. Ya pili ni mshipa mfupi uunganishao mshipa mkuu wa mapafu na mshipa mkuu wa mwili. Ya tatu huchukua sehemu ya damu itokayo kwenye kondo na kuipitisha kando ya ini, ikaelekea moyoni.

Uchungu wa mama unapoanza, mwili wa mtoto nao hujiweka tayari. Homoni humwagika katika damu yake, na mapafu huanza kuyanyonya yale maji. Ndiyo sababu mtoto aliyetolewa kwa upasuaji kabla ya uchungu kuanza huweza kuhema kwa haraka katika saa za mwanzo: maji hayajamwisha mapafuni. Mtoto atokapo, baridi na kuguswa humshtua, naye huvuta pumzi ya kwanza akalia. Hewa huingia, mishipa ya mapafu hufunguka, na damu hukimbilia huko. Irudipo kutoka mapafuni, shinikizo katika upande wa kushoto wa moyo hupanda, na kile kijilango cha tundu la moyo hubanwa kikafunga, mfano wa mlango unaosukumwa na upepo. Ule mshipa mfupi nao husinyaa, na kwa mtoto aliyetimiza miezi yake kwa kawaida hufungika katika siku 3 za kwanza. Ni fundi gani wa mabomba awezaye kubadili njia za maji za nyumba nzima bila kuyafunga hata kwa dakika moja?

Mabadiliko hayo hayatimii kwa mara moja. Katika dakika ya kwanza oksijeni katika damu ya mtoto mwenye afya huwa kama asilimia 60 hadi 65 tu, na huchukua kama dakika 10 kukaribia asilimia 90. Kwa hiyo mwanafunzi asifadhaike akiona vidole vya mikono na miguu vikiwa na rangi ya buluu katika siku ya kwanza. Lakini ulimi na midomo ikiendelea kuwa ya buluu, hapo pana hatari.

Ili vifuko vidogo vya hewa vya mapafuni visishikamane kila mtoto atoapo pumzi, huhitaji utelezi maalumu, mfano wa povu la sabuni, ambao wataalamu huuita safaktanti. Mtoto azaliwaye kabla ya siku zake huwa nao kidogo. Jambo hilo lilibainishwa Marekani na Mary Ellen Avery na Jere Mead mwaka 1959. Miaka minne baadaye, Agosti 1963, Patrick, mtoto wa Rais John Kennedy wa nchi hiyo, alizaliwa kabla ya wakati akafariki akiwa na umri wa siku 2 kwa maradhi hayo ya mapafu. Mali na cheo havikuweza kumwokoa, kwa sababu tiba ilikuwa haijapatikana. Leo ipo dawa ya kutiwa mapafuni, na ipo sindano apewayo mama anayeelekea kujifungua mapema ili kuyakomaza mapafu ya mtoto.

Watoto wengi hupumua wenyewe. Wachache huhitaji kukaushwa na kusuguliwa mgongo, na wachache zaidi huhitaji kupulizwa hewa kwa mfuko na barakoa. Huyo asiyepumua hana muda wa kusubiri daktari aitwe: msaada uanze ndani ya dakika moja. Uchunguzi wa hospitali 8 za Tanzania uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba baada ya wakunga kufunzwa kazi hiyo, vifo vya watoto katika saa 24 za mwanzo vilipungua kwa asilimia 47. Mfuko na barakoa ni vyombo sahili. Jambo kubwa ni mkono uliokwisha kuzoezwa. Kijana unayesoma uuguzi, zoea kuvishika kila siku, hata pasipokuwa na mgonjwa.

Kazi ya pili ya mtoto ni kutunza joto. Tumboni alizoea nyuzi 37 na zaidi kidogo. Chumba cha nyuzi 28, ambacho sisi twalalamikia fukuto lake, kwake ni baridi, tena ametoka akiwa amelowa. Hajui kutetemeka kama mtu mzima. Akiba yake ni mafuta ya rangi ya kahawia yaliyo shingoni, katikati ya mabega na karibu na figo, ambayo mwili huyachoma ili kupata joto. Lakini moto huo hula oksijeni na sukari, vitu vile vile anavyovihitaji kwa kupumua na kwa ubongo. Mtoto aliyeachwa apoe ameibiwa mara mbili.

Hapo ndipo kanga zetu huwa dawa. Kanga ya kwanza imkaushe mwili wote na kichwa, kisha iondolewe kwa kuwa imelowa. Mtoto alazwe kifuani pa mama, ngozi kwa ngozi, na kanga ya pili iliyo kavu iwafunike wote wawili. Kuogeshwa kungoje saa 24. Twajua kwamba bibi wengi huona haya mgeni kupokewa bila kuoga. Waelezwe kwa heshima kwamba ule utando mweupe wa ngozini si uchafu. Mwaka 1978, mjini Bogotá nchini Kolombia, daktari Edgar Rey Sanabria alipoona mashine za kuwatia joto watoto hazitoshi, alianzisha utaratibu wa kuwabeba watoto njiti kifuani pa mama zao. Leo utaratibu huo, uitwao wa kangaruu, umeenea duniani, na hospitali zetu huutumia.

Kitovu nacho kisikatwe kwa pupa. Mtoto anayepumua vizuri angojewe dakika 1 hadi 3, ili apate damu yake iliyobaki katika kondo, ambayo humpa akiba ya madini ya chuma kwa miezi ya mbele. Kikishakatwa, kiachwe kikavu na kisafi, na kisipakwe kitu ila dawa aliyoagiza muuguzi. Majivu, samadi, mafuta ya kupikia na poda vyote huleta vijidudu, na pepopunda huingia kwa mlango huo.

Kitovu kikikatwa, chakula nacho hukatika. Sukari ya damu hushuka na kufika chini kabisa katika saa 1 hadi 2 za mwanzo, na ini hufungua ghala lake ili kumshikiza. Kwa hiyo anyonye katika saa ya kwanza. Maziwa mazito ya njano, yaani dang'a, yasikamuliwe na kumwagwa. Ni machache kwa kuwa tumbo la mtoto ni dogo, nayo yana kinga dhidi ya maradhi. Maji ya sukari na uji mwepesi havina kazi hapo.

Siku zifuatazo zina mambo yanayotisha bure. Uzito wa mtoto hupungua kidogo, kisha hurudi katika muda wa wiki 2. Choo cha kwanza huwa cheusi chenye kunata. Siku ya 2 au ya 3 ngozi huweza kuwa ya manjano kiasi, kwa kuwa ini linajifunza kuondoa mabaki ya damu ya zamani. Lakini manjano yakitokea katika saa 24 za kwanza, au yakifika viganjani na nyayoni, asingojewe. Arudishwe kituoni upesi pia mtoto anayekataa kunyonya, anayehema mara 60 au zaidi kwa dakika, ambaye kifua chake kinabonyea kwa kupumua, mwenye degedege, mwenye mwili wa moto sana au baridi, au ambaye kitovu chake kina usaha.

Na baba je? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 humpa mfanyakazi siku 3 za likizo yenye malipo, azichukue katika siku 7 za mwanzo baada ya mtoto kuzaliwa. Ni muda ule ule ambao moyo wa mwanawe unafunga milango yake ya zamani. Asizimalize barazani akipokea pongezi. Mama alalapo, baba avue shati ambebe mtoto kifuani. Joto la baba ni joto vilevile. Atazame rangi yake, ahesabu pumzi zake, na jamaa waletapo majivu au maji ya sukari, yeye awe wa kwanza kusema hapana kwa adabu. Mgeni yumo kazini. Mwenyeji naye ashike lake.