VIFUKO VYA KUPANGIA NGUO ZA SAFARI: VYAFAA AU NI ISRAFU?

Siku hizi huuzwa katika maduka ya mabegi vifuko vyepesi vya kitambaa, vyenye zipu, vikubwa kwa vidogo, ambavyo msafiri hutia nguo zake ndani kisha akavipanga katika begi kubwa. Vijana wavipenda, na baadhi ya wazee waviona ni mchezo wa kupoteza fedha. Kwa kuwa safari za likizo, za arusi na za misiba hazikomi katika jamaa zetu, twaona yafaa tulipime jambo hili: je, vifuko hivi vina faida kwa nyumba ya watu wa kawaida, au ni israfu tu?

Kwanza yapasa tuondoe dhana moja. Kifuko hakipunguzi uzito. Kilo 20 za nguo zikitiwa katika vifuko zitabaki kuwa kilo 20, na juu yake utaongezeka uzito wa vifuko vyenyewe. Viko vingine vyenye zipu ya pili ya kukaza, itoayo hewa iliyomo baina ya nguo. Hivi hupunguza unene, khasa wa masweta na mablanketi, lakini uzito ni ule ule. Tena hapo ndipo penye mtego: mtu aonapo nafasi imebaki hujaza nguo nyingine, na akifika uwanja wa ndege mizani husoma zaidi ya kilo 23 ambazo mashirika mengi huruhusu kwa begi moja, akatozwa fedha. Basi anunuaye kifuko kwa tamaa ya kuchukua vitu vingi zaidi amejinunulia hasara.

Faida yake ni nyingine kabisa: ni kujua kila kitu kilipo, na kukitoa bila ya kuvuruga vilivyosalia. Tuchukue mfano wa mji wa Babati, makao makuu ya Mkoa wa Manyara tangu mkoa huo ulipotengwa na Arusha mwaka 2002. Babati ni njia panda. Upande wa kaskazini ni Arusha, magharibi ni Singida, na kusini ni Kondoa na Dodoma, ambako barabara ya lami ya kilomita 251 ilizinduliwa mwaka 2018. Mji wenyewe umeinuka zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, na alfajiri za Juni na Julai zina baridi kali. Jamaa iondokayo hapo kwenda Tanga au Dar es Salaam hupanda basi ikitetemeka, na jioni hushuka ikitokwa na jasho. Kwa hiyo hawana budi kuchukua nguo za hewa mbili, za watoto na za wakubwa, na mara nyingi zote hutiwa katika shangazi kaja moja.

Sasa tazama yatokeayo. Wafika usiku kwa wenyeji, umeme umekatika, mtoto ataka nguo ya kulalia. Mama hufungua shangazi kaja na kupindua kila kitu sebuleni, mbele ya wageni na wenyeji, hata nguo ambazo stara yataka zisionekane. Asubuhi hurudisha vyote kwa haraka, na siku ya kurejea kiatu kimoja hakionekani. Lakini kama kila mtu wa nyumba ana kifuko chake chenye rangi yake, hata mtoto wa miaka sita atakijua, atakitoa na kukirudisha. Wazee wetu walisema mali bila daftari hupotea bila khabari, na kifuko ni daftari la begi.

Jambo la pili lahusu tahara. Asafiriye na mtoto mchanga ajua kuwa nguo iliyoingia najisi haiwezi kungoja kufuliwa njiani, nayo ikitiwa pamoja na nguo za Sala huzichafua zote. Hapa kifuko cha kitambaa chepesi hakitoshi, kwa sababu maji hupenya. Yatakikana kifuko cha kitambaa cha mpira, mfano wa kile kitandikwacho kitandani mwa mtoto, chenye kufungwa vizuri. Nacho kitengwe kwa kazi hiyo moja tu, wala kisitiwe kitu kingine.

Jambo la tatu ni kubwa zaidi, nalo ndilo lisahauliwalo na wengi wanunuao vifuko. Kitu kilichopangwa vizuri katika begi lisilofikika ni kama hakipo. Basi likishaondoka stendi, vilivyo ndani ya buti havipatikani mpaka kituo kingine, na huenda mabegi ya wenzako yamelalia juu ya lako. Dawa ya pumu, dawa ya kisukari, maziwa ya mtoto na karatasi muhimu zina kifuko chao, na kifuko hicho hukaa mapajani mwa msafiri. Vivyo hivyo kwa mwenye kwenda Hija au Umra: ikiwa ndege yake yaelekea Jeddah moja kwa moja, itapita miqati ingali angani. Aliyeacha ihramu yake katika begi lililokwenda chini ya ndege atafika kwenye miqati hali nguo zake hazipatikani. Ihramu na sabuni isiyo na manukato zitiwe katika kifuko cha mkononi, na akumbuke kuwa katika viwanja vingi vya ndege chupa ya kitu cha majimaji ichukuliwayo mkononi haitakiwi kuzidi mililita 100.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza ni kifuko gani kinunuliwe, mwenye safari aulize: ni vitu gani vitakavyotakiwa njiani, ni vipi vitakavyotakiwa usiku wa kwanza, na ni vipi vyaweza kungoja? Mafungu hayo matatu yakijulikana, kazi kubwa imekwisha, hata kama vifungio ni kanga tatu kuukuu. Anayekwenda Magugu au Katesh kulala usiku mmoja hana haja ya seti ya vifuko. Kanga moja yamtosha.

Wako wasemao kwamba mfuko wa plastiki watosha na ni wa bure. Wakumbuke kuwa Tanzania Bara ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa tangu tarehe 1 Juni 2019, na Zanzibar ilikuwa imetangulia mwaka 2006. Kenya nayo ilipiga marufuku yake mwaka 2017. Tena plastiki hufungia unyevu, na nguo iliyofungiwa humo kwa siku mbili hutoka na harufu ya uvundo.

Ama kununua, twaona si lazima. Fundi cherehani yeyote aweza kushona vifuko hivi kwa masalio ya kitenge au kwa marekani. Pima begi lako kwanza, ili viwili vikae sambamba ndani yake. Kifuko cha urefu wa sentimita 35, upana wa 25 na kina cha 10 hufaa kwa nguo za mtu mmoja za siku tatu au nne. Mita moja ya kitambaa chenye upana wa mita moja na nusu hutoa vitatu, ukiacha sehemu ya mishono. Upande wa juu utiwe kipande cha chandarua kilichochakaa, ili yaliyomo yaonekane na hewa ipite. Na kijana aendaye shule ya bweni ajishonee vyake mwenyewe, atajifunza kazi na kulijua tranka lake.

Kifuko kimoja twakisisitiza kwa kila nyumba, hata isiyosafiri: cha vyeti vya kuzaliwa, vitambulisho, kadi za kliniki na hati za nyumba. Tarehe 3 Desemba 2023 maporomoko ya tope kutoka Mlima Hanang' yaliuangukia mji wa Katesh na vijiji vya jirani, katika mkoa huu huu wa Manyara, na zaidi ya watu 80 walifariki. Mwenyezi Mungu awarehemu. Siku kama hiyo hapana apewaye wasaa wa kufungasha. Nafsi ndiyo ya kuokolewa kwanza, lakini kifuko kilichokwisha kupangwa na kutundikwa karibu na mlango hushikwa kwa mkono mmoja, na mkono wa pili hushika mtoto.

Basi hukumu yetu ni hii: vifuko vyafaa, ikiwa ni vya kupangia na si vya kuzidishia. Mwenye kufuata mtindo tu atabeba mzigo ule ule kwa gharama kubwa zaidi. Mwenye kupanga atafika na kila kitu chake, na wenyeji wake watalala mapema.