Mkanda Mpya kwa Saa ya Baba

Mwezi huu ukurasa wetu wa kazi za mikono unahusu saa, na nitaanza na yaliyonipata mwenyewe.

Baba yangu alituachia saa moja ya zamani, ile ya kutia ufunguo kila asubuhi. Tulipokimbia, Mama aliifunga ndani ya kitenge pamoja na karatasi za shule za watoto. Karatasi zililowa njiani, saa ikafika. Sasa juzi nilikuwa nachota maji, mkanda ukakatika, saa ikaanguka kwenye matope. Mtoto wa jirani ndiye aliyeiona. Ningeipoteza, ningemwambia Mama nini?

Basi nikapanda takisi hadi Mbarara. Muuzaji mmoja wa mikanda akaiangalia, akacheka. Eti niiache, anipe saa mpya inayong'aa ya betri tubadilishane. Nikakataa. Akanipa mkanda wa shilingi elfu kumi, akajaribu kuuingiza kwa nguvu mpaka akakwaruza chuma. Nikarudi na mkanda mkononi na saa mfukoni.

Kosa lilikuwa langu pia, sikupima. Ukitaka mkanda, chukua rula ya mtoto ya shule, pima nafasi iliyo kati ya vile vikono viwili vya chuma vinavyoshika mkanda. Usipime mkanda wa zamani, maana ngozi huvimba na kusinyaa. Saa yangu ni milimita 18, mkanda ulikuwa wa 20.

Halafu tazama ule mti mwembamba wa chuma unaopita kati ya vikono. Saa nyingi zina kapini kenye springi ndani, kanatoka. Lalisha saa kifudifudi juu ya kitambaa, bonyeza ncha ya pini kwa ncha ya kisu chembamba, na uzibe kwa kiganja, la sivyo itaruka na hutaiona tena. Kwenye mkanda mpya, kipande kifupi chenye bizimu, yaani kile chuma cha kufungia, kinakaa upande wa namba 12. Kile kirefu chenye matundu, upande wa 6. Ukimaliza vuta kila upande kwa nguvu kidogo. Pini isipokaa vizuri, ni heri itoke hapo mezani kuliko barabarani.

Lakini saa ya Baba haikuwa na springi. Mti wake umeunganishwa kabisa na chuma. Fundi viatu wetu hapa sokoni ndiye aliyeniambia, “Kaka, huu hautoki. Tupitishe ngozi moja chini kwa chini.” Na hiyo si akili ya kubahatisha. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, 1914 hadi 1918, saa nyingi za askari zilikuwa na waya ulioshikiliwa hivyo hivyo. Na mwaka 1973 jeshi la Uingereza liliandika vipimo vya mkanda wa nailoni unaopita chini ya saa namna hiyo.

Fundi alikata ukanda wa suruali wa ngozi uliochakaa, upana milimita 18, akaukwangua upande wa nyuma mpaka unene ukawa kama milimita moja na nusu. Ukiwa mnene hauingii. Bizimu ilishonwa ncha moja kwa uzi uliopakwa nta. Ncha nyingine inashuka kwenye mti wa upande wa 12, inapita chini ya saa, inapanda kwenye mti wa upande wa 6. Jasho haligusi tena mgongo wa saa.

Hapo Mama akaingilia. “Mwanangu, mkanda wa baba yako unautupa?” Nikanyamaza. Ngozi ilikuwa imeoza, lakini tundu la tatu lilikuwa kubwa kuliko mengine, ndilo alilofungia miaka yote. Fundi akachukua bizimu ya zamani, akaisugua, akaishona kwenye mkanda mpya. Ngozi ya zamani Mama aliirudisha kwenye kitenge chake. Sikubishana naye.

Mambo matatu ya kukumbuka. Moja, ngozi haipendi maji. Vua saa ukioga, ukifua au ukichota maji. Ikilowa, ianike kivulini, si juani wala karibu na jiko. Mbili, saa za kale zenye namba zilizopakwa dawa ya kung'aa gizani, hasa za kabla ya miaka ya 1970, zinaweza kuwa na radiamu. Usifungue kioo wala kukwangua namba, vumbi lake ni hatari likiingia mwilini, na usiwape watoto kuchezea. Tatu, usibadilishane saa ya mzee wako kabla hujakaa na familia. Ya betri utaipata siku yoyote.

Mie sasa natia ufunguo kila asubuhi. Mama anauliza saa ngapi, hata kama simu iko mkononi mwake.

Kama una chombo cha wazee kinachohitaji mkono wa fundi, tuandikie. Mpaka mwezi ujao, mbaki na amani.