Lubumbashi: Kaboni ya galaksi za mbali inasomwa Chile, Kongo ingeweza kuisoma pia

Jioni katika komini ya Kamalondo, makala yakiwaka kwenye mbabula, kaboni ni ule weusi unaobaki mikononi. Kaboni hiyo hiyo ndiyo inayowaonyesha wataalamu wa anga mahali galaksi za mbali zinapozaa nyota.

Nyota changa inatoa mwanga mkali unaoinyang'anya atomi ya kaboni elektroni moja. Gesi ya hapo ikipata joto, kaboni inalipunguza kwa kutoa mionzi yenye urefu wa wimbi wa milimita 0,158. Vumbi la galaksi, linaloficha mwanga wa kawaida, haliizuii. Inayoizuia ni mvuke wa maji katika hewa yetu. Lakini mionzi ikitoka mbali sana, ulimwengu unaopanuka unalirefusha wimbi njiani hadi karibu milimita moja, na hapo linapita. Ajabu ni hiyo: kwa mtu aliye ardhini, kaboni ya mbali inasomeka kuliko ya karibu.

Kazi hiyo inafanywa na ALMA, antena 66 zilizo kwenye mita 5000 katika jangwa la Atacama, Chile. Mradi wa ALPINE, uliotoa matokeo mwaka 2020, ulichunguza galaksi 118 za zamani, ulimwengu ulipokuwa na umri wa miaka bilioni 1 hadi 1,5. Galaksi 75 zilionyesha alama ya kaboni, na kwa alama hiyo inakadiriwa kasi ya kuzaliwa kwa nyota.

Na Kongo? Vipokezi vya ALMA vinatumia niobi, metali inayokaa pamoja na tantali ndani ya koltani, ingawa niobi nyingi duniani inatoka Brazili. Kwa upande wa elimu, Zambia, jirani wa ng'ambo ya Kasumbalesa, ni moja ya nchi nane za Afrika zinazoshirikiana na Afrika Kusini katika darubini ya redio SKA. Kongo haimo, na si kwa kukosa shaba wala kobalti.

Hata hivyo, mwanafunzi wa Lubumbashi hahitaji antena yake. Kwa kawaida data za ALMA zinafunguliwa kwa kila mtu baada ya miezi 12. Anahitaji kompyuta, intaneti na, pengine kigumu kuliko vyote, mwalimu wa kumwongoza. Data za ALPINE tayari ziko wazi, zinapakuliwa bila malipo, mradi umeme usikatike katikati.